Mteja wa Swichi ya Chini

Machi 3

Muhula umeanza siku moja na mvua. Paa la darasa langu linavuja mahali palepale pa mwaka jana, juu ya dawati la karibu na dirisha, na ndoo ya mwaka jana hakuna aliyeiondoa. Nimepewa tena wanafunzi wa umeme wa mwaka wa mwisho. Somo langu linaitwa Maadili ya Kazi. Wao wanaliita somo la midomo. Jina hilo lilitoka kwa Fundi Mkuu anayewafundisha karakanani, naye hulitumia mbele yangu bila kupepesa macho.

Machi 5

Nimewapa kanuni ya kwanza: unachokiona nyumbani kwa mteja kinabaki nyumbani kwa mteja. Kijana wanayemwita Wakili, kwa kuwa hajawahi kukubali jambo mara ya kwanza, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, tuseme nimeitwa kutengeneza soketi chumbani kwa mama fulani, nikamkuta humo mume wa jirani yangu."

"Umeitwa kutengeneza nini?"

"Soketi."

"Basi umekuta soketi."

"Na mume?"

"Mume ana hitilafu ya umeme?"

Sauti ya kike ikatoka nyuma: "Ana joto lililozidi tu, mwalimu. Akipoa ataondoka mwenyewe." Darasa likaangua kicheko. Huyo aliyesema wanamwita Testa, kwa sababu bisibisi yake ya kupimia umeme haimtoki kwenye nywele hata wakati wa kula. Husema mara chache, na akisema huwa amemaliza.

Kazi ya muhula ni ileile. Kila Alhamisi mwanafunzi mmoja analeta kisa cha kweli kutoka mazoezi ya nje, huko wanakofunga umeme kwenye nyumba za watu. Anaruhusiwa kueleza tatizo. Haruhusiwi kutaja jina, mtaa wala nyumba. Tunakiita kisa bila jina. Utaratibu huo niliubuni mwenyewe, na nimekuwa nikijisifu nao kwa wakaguzi.

Machi 6

Mama ameuliza kama kuna habari. Hasemi za nani. Nimesema hakuna.

Machi 9

Mvua. Nguo hazikauki. Mama ameuliza.

Machi 12

Kisa cha Wakili: mteja anataka umeme upitishwe nje ya mita. Wakili amemtetea mteja kwa ufasaha wa kutisha. Testa akamwambia, "Ukikamatwa jitetee mwenyewe, usitusumbue kutafuta wakili mwingine."

Machi 19

Leo ilikuwa zamu ya Testa. Naandika alivyosema, karibu neno kwa neno.

"Mteja wangu ni kijana, anaishi peke yake. Amehamia nyumba ya chumba na sebule, mpya, haijawahi kuwa na umeme. Kila kitu kilienda vizuri mpaka tulipofika kwenye swichi ya mlangoni. Mimi nimepima usawa wa kifua, kama tulivyofundishwa. Yeye akasema hapana, iweke huku chini. Akanionyesha kwenye goti. Nikamwuliza, kaka, una mtoto? Hana. Una mgonjwa wa kiti cha magurudumu? Hana. Nikamwambia, wageni wako watapapasa ukuta mzima gizani. Akasema, anayeijua ataipata."

"Huyo ana lake jambo," akasema Wakili.

"Ngoja nimalize, ndugu yangu. Nikafunga alivyotaka. Umeme ulipowaka akaja na ndoo mkono huu na sufuria mkono huu, akaizima taa kwa goti. Hata hakuiangalia. Swali langu: fundi afuate kipimo au afuate mteja?"

Walibishana hadi kengele. Sikumbuki nani alishinda. Nilikuwa nafuta ubao ambao haukuandikwa kitu.

Nyumbani kwetu swichi ya mlangoni iko usawa wa goti. Tulipoingiziwa umeme, mdogo wangu alikuwa hajaanza shule na aliogopa giza kiasi cha kutembea ameshika gauni la mama. Baba alikuwa mwashi, mtu wa maneno machache. Alimwambia fundi aishushe swichi mpaka mtoto aifikie. Fundi akabisha, baba akaushika ukuta mwenyewe na kuuchimba pale alipopataka. Mtoto akakua, swichi ikabaki. Sote tunazima taa kwa goti. Wageni hupapasa ukuta.

Sijapata kuona nyumba nyingine ya namna hiyo, na nimeingia nyumba nyingi.

Machi 20

Niyaweke mambo kama yalivyo.

Tulizaliwa wawili, mdogo wangu ndiye kitinda mimba. Aliondoka nyumbani miaka minne iliyopita baada ya kugombana na baba. Waligombania nini, hakuna tena mwenye uhakika: mama anasema pikipiki, mimi nasema msichana. Baba alisema, "Ukivuka kizingiti hiki, usirudi maadamu mimi ni hai." Akavuka. Walikuwa na kichwa kimoja kigumu, wamegawana. Mwaka huohuo mjomba alimpata amepanga upande mwingine wa mji, akaenda na wazee wawili kumshawishi arudi. Akawakaribisha, akawasikiliza, akawasindikiza hadi njiani. Walipokwenda tena chumba kilikuwa kitupu, na simu yake haikupatikana tangu hapo.

Baba alifariki mwaka jana. Tulituma neno kila tulikodhani lingemfikia. Hakuja mazikoni. Hatujui kama anajua.

Sasa najua kwamba yu hai, yumo humu mjini, ana nyumba, na anabeba ndoo. Binti mwenye bisibisi kichwani anaujua mlango wake. Na mimi ndiye niliyemfundisha asiseme.

Mama ameuliza kama kuna habari. Nimesema hakuna. Mpaka juzi jibu hilo lilikuwa kweli.

Machi 26

Barabara ya chuo imejaa maji. Hakuna masomo.

Machi 30

Nimemwona Testa akipita uani, nikamwita. Alipofika nilimwuliza kama amerudisha kitabu cha maktaba. Hakuwa ameazima kitabu.

Aprili 2

Sikuita kisa. Niliwaambia kwamba utaratibu wangu una tundu: mmoja wa wateja waliosimuliwa humu nimemtambua.

"Bila jina?" akauliza Wakili.

"Bila jina."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa jinsi alivyo."

"Basi tusiseme watu walivyo. Tuseme waya tu."

"Tukisema waya tu," akasema Testa, "mwalimu atatufundisha nini? Waya anatufundisha Fundi Mkuu."

Nikawauliza: aliyemtambua mteja kwa njia hiyo, afanye nini? Wakasema anyamaze, asahau, ajifanye hakusikia. Nikauliza, na kama mteja ni ndugu yake aliyepotea? Wakili akasimama kabisa. "Hapo hakuna kesi! Ndugu si mteja. Mwambie fundi akuonyeshe nyumba, mkakumbatiane, mle, mmalize."

"Na kama huyo ndugu hakupotea?" akauliza Testa. "Kama aliondoka?"

Aliuliza akinitazama. Kisha akaitoa bisibisi kwenye nywele, akaiweka juu ya dawati, akaitazama hiyo.

Aprili 3

Testa amekuja ofisini kabla ya kipindi cha kwanza. Hakukaa.

"Mwalimu, ni yule wangu?"

"Ndiye."

"Nani yako?"

"Mdogo wangu."

Mvua ilikuwa inapiga mabati, ikabidi apaze sauti kwa jambo ambalo angetaka kulinong'ona.

"Nimekosa, mwalimu. Ningesema swichi tu. Ile ya goti ningeiacha."

"Hukukosa. Nilikufundisha kufuta jina, nikakuambia inatosha."

"Unataka nikuonyeshe nyumba?"

Sikumjibu. Naandika hili kwa sababu ni kweli: sikukataa. Nilingoja aseme mwenyewe kwamba atanionyesha, ili nisiwe mimi niliyeomba.

"Sitakuonyesha," akasema. "Nisamehe, mama yangu. Nimeingia kwake kwa ajili ya umeme. Lakini kuna ukaguzi wa mwezi, nitarudi kwake. Nitamwuliza yeye. Akikubali nitakuambia, akikataa nitakuambia pia."

Hajawahi kuniita mama. Chuo kina desturi hiyo ya ukaguzi: kama mwezi baada ya kazi, mwanafunzi anarudi mara moja kukagua alichofunga. Zamu yake ni Aprili 23.

Aprili 4

Nimemwambia mama. Alikuwa anachambua mchele. Hakulia wala hakupiga kelele. Aliuweka ungo chini.

"Anakula?"

"Alikuwa na sufuria."

"Sufuria ya nini?"

"Hakusema."

"Huyo mwanafunzi wako ana macho ya kuangalia nini?"

"Waya, mama."

"Na swichi kaiweka chini." Akaokota punje iliyodondoka. "Baba yake alibishana na fundi asubuhi nzima kwa ajili ya swichi ile. Haya, vaa tukamchukue."

Nikamweleza kanuni. Alinisikiliza kama anavyowasikiliza wauza sabuni mlangoni. "Maadili gani hayo ya kumficha mtu mama yake? Mimi nilimzaa kabla hamjamfungia taa."

Nikamkumbusha mjomba na wale wazee wawili, na chumba kitupu. Hapo akaurudia ungo. Baada ya muda akasema, "Asihame tena. Mwache. Asihame."

Aprili 9

Mvua imetwanga tangu asubuhi. Fundi Mkuu amenipa lifti kwenye gari lake, lile lenye wipa moja inayofanya kazi, ya upande wake. Nilikuwa nimemweleza habari hii jana, kwa kuwa ndiye msimamizi wa Testa kwenye mazoezi ya nje. Nilisahau kwamba ndiye pia anayewasambaza wanafunzi majumbani kwa gari hilohilo.

Hakukata kona ya kwetu. Nikamwuliza tunaenda wapi.

"Tunakwepa maji."

"Maji yako huku tunakoenda."

"Dada, mimi si mwalimu wa maadili. Mimi nakwepa maji. Mahali fulani nitapunguza mwendo kwa sababu kuna shimo. Nikipunguza, wewe tazama shimo, ukitaka. Au tazama kushoto."

Tuliingia barabara nyembamba yenye nyumba mpya, nyingine bado hazijapakwa chokaa. Akapunguza mwendo. Akaendelea kupunguza. Gari likawa linatambaa.

Nilitazama magoti yangu. Kwa mdomo wangu nilikuwa nimemwambia mama kwamba nakaa mbali ili asihame, lakini hiyo haikuwa sababu pale garini. Kutazama nyumba hakumhamishi mtu. Sababu ilikuwa kwamba nikiijua nyumba ile sitaweza kuacha kuijua. Kila jioni miguu ingetaka kupita huku. Na siku moja ningepita.

"Umeona?" akauliza.

"Sijaona."

"Taa inawaka."

"Fundi, endesha gari."

Akaendesha. Tulipofika kwetu akasema, bila utani, "Nilidhani somo lako ni la midomo tu. Ama kweli wewe ni mwehu." Kisha akaongeza, "Mama yako usimwambie nilikupitisha. Atanilaani."

Taa inawaka. Hilo amenipa bila kuombwa, na siwezi kulirudisha.

Aprili 10

Mama ameacha kuuliza kama kuna habari. Sasa anauliza ni lini.

Aprili 13

Tumetunga maneno ya kumpa Testa. Mama alianza na hotuba: macho yake yanapungua nuru, chumba kimefagiliwa, godoro limebadilishwa, mlango haujawahi kufungwa kwa ufunguo. Nikamwambia tunamtuma binti wa miaka kumi na tisa anayekwenda kukagua swichi, hatumtumi mshenga.

"Basi aseme baba yake hayupo tena."

Tuliliwaza jambo hilo muda mrefu. Msiba hauletwi na mtu baki, akiwa amesimama mlangoni na koleo mkononi. Kama hajui, atasikia kifo cha baba yake kutoka kwa fundi, na fundi hatakuwa na la kumwambia akianguka. Hatimaye mama mwenyewe ndiye aliyekata shauri: "Hilo nitamwambia mimi. Nitamkalisha, nitampa maji, nitamwambia."

Yaliyobaki ni haya: Dada yako anafundisha chuoni kwetu. Yuko pale kila siku hadi saa kumi. Hakuna amri ndani yake, wala ombi. Nilimsomea mama. Akasema, "Kavu." Nikasema ndiyo.

Testa hakuyaandika. Aliyarudia mara moja, akayashika. Kuhusu baba sikumwambia chochote, ili asibebe asichotumwa.

Aprili 16

Kisa cha leo kilihusu feni. Sina la kuandika.

Aprili 20

Mvua imepungua. Mama amepaka rangi mlango wa chumba cha mdogo wangu, kijani, kwa rangi iliyobaki ya jikoni. Nilimwambia asijipe matumaini. Akasema, "Najipa kazi."

Aprili 23

Testa ameondoka chuoni na begi lake la vifaa. Nilifundisha vipindi vyote vya leo. Nikiulizwa nilifundisha nini nitahitaji kutazama ubao.

Hakurudi leo, ukaguzi ukiisha huwa wanakwenda moja kwa moja nyumbani.

Aprili 24

Testa alikuwa mlangoni mwa ofisi yangu kabla yangu. Safari hii alikaa. Nilimwomba aeleze kwa mpangilio, kama kisa.

Alikagua kwanza: soketi, taa, sakiti breka, swichi. Kila kitu kilikuwa sawa. Akakusanya vifaa, akafunga begi, ndipo akayasema yale maneno kama tulivyompa.

"Alifanya nini?"

"Hakufanya kitu. Alikuwa amesimama, akaendelea kusimama. Kisha akaniuliza, nani amekuonyesha hapa? Nikamwambia hakuna, nimeletwa na kazi, na mwalimu hajui nyumba na sitamwonyesha. Akaniuliza mara ya pili, nikamjibu vilevile. Nadhani aliniamini."

"Halafu?"

"Akaniletea maji ya kunywa. Akaniuliza, bado anavaa miwani yake kichwani halafu anaitafuta? Nikamwambia kila siku. Akacheka, lakini kidogo. Halafu..." Akaigusa bisibisi kichwani. "Halafu akauliza, mzee yupo?"

Nilijua linalofuata. Nilijua kabla hajalisema.

"Nikamwambia sijui," akasema Testa. "Kwa sababu sijui, mwalimu. Hukuniambia. Nikadhani mzee ni mzee tu, labda babu, labda mwenye nyumba. Akasema, basi. Akasema, mwambie dada nimesikia. Na wewe ukija tena, uje kwa kazi ya umeme, usije na maneno ya watu."

Maadamu mimi ni hai. Ameyashika maneno ya mtu aliyelala kaburini, na ameuliza swali moja tu ambalo jibu lake lingemfungulia njia, na jibu hilo tulimnyang'anya mjumbe wetu kwa heshima na mashauri, mimi na mama, tukiwa tumekaa juu ya mkeka. Pia sasa najua kwamba hajui.

Testa alikuwa ananisoma usoni. "Mzee ni nani, mwalimu?"

"Baba yetu. Alifariki mwaka jana."

Akaufumba mdomo kwa kiganja. "Niruhusu nirudi. Leo hii. Ni sentensi moja."

"Amekuambia nini kuhusu kurudi?"

"Mwalimu!"

"Amekuambia nini?"

"Kwa kazi ya umeme tu." Alikuwa analia sasa, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. "Na ukaguzi umekwisha. Labda aniite mwenyewe. Namba ya chuo nimeibandika ndani ya kifuniko cha sakiti breka, kama kwa wateja wote. Kitu kikiharibika atapiga."

"Akipiga utakwenda."

"Nikienda niseme?"

"Ukiitwa, maliza kazi kwanza. Kisha sema."

Mama nilimweleza jioni, yote. Alikaa ameutazama mlango wa kijani. Nilidhani atanilaumu, na nilikuwa tayari. Alisema, "Ni mimi niliyetaka kumpa yale maji mwenyewe." Hatukula.

Aprili 30

Fundi Mkuu amejitolea kwenda. "Mimi sina kanuni, na shimo lile nalijua." Nilikaa na neno hilo siku nzima. Nikamjibu hapana. Akitokea mtu mwingine mlangoni pake baada ya Testa kumwapia kwamba nyumba haijulikani, atahama kabla mtu huyo hajamaliza salamu, na hatatusikiliza tena yeyote. Mama amekubaliana nami. Ametumia neno moja: "Subiri." Sijui alikuwa anamwambia nani.

Mei 6

Nimeomba simu ya chuo ihamishiwe kwenye meza yangu. Mwandishi wa ofisi amefurahi, ilikuwa inamkera.

Mei 8

Simu. Mama mmoja, feni yake haizunguki. Nimemtuma Wakili.

Mei 13

Simu. Mtu amekosea namba. Nilimweka kwenye simu muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Mei 19

Mvua zimekatika. Ndoo imeondolewa darasani. Mitihani inaanza wiki ijayo. Nimejikuta nikisoma kwenye kitabu cha karakana vitu vinavyoharibu nyaya: panya, unyevu, kiungo kilicholegea, waya uliobanwa na msumari. Nimesoma ukurasa huo mara mbili, kwa moyo ambao mwalimu wa maadili hapaswi kuwa nao.

Mei 28

Tumekaa kikao cha alama. Testa amepata alama za juu kabisa kwangu na kwa Fundi Mkuu pia, jambo ambalo halijawahi kutokea, kwa sababu sisi wawili hatujawahi kukubaliana juu ya mwanafunzi yeyote. Fundi Mkuu alitaka maelezo yake yaingie kwenye kumbukumbu. Alisema amezunguka mwenyewe kukagua kazi za binti huyu, kiungo kwa kiungo.

"Nawaambieni," akasema, "alichofunga yule mtoto hakitaharibika hata kwa miaka ishirini."

Walimu wakapiga makofi. Nami nikapiga. Kikao kilipokwisha nikarudi kwenye meza yangu, nikakaa karibu na simu mpaka mlinzi alipokuja kufunga.